Banda lina kufuli, mtandao je? Ulinzi wa tabaka kwa tabaka kwa kaya za wafugaji wa Pugu

KWA miaka mingi jina la Pugu limekuwa likienda sambamba na mnada wa mifugo. Ng'ombe na mbuzi kutoka mikoa ya bara hufikishwa pale, na kutoka pale nyama huingia katika mabucha ya Jiji la Dar es Salaam. Lakini kando ya mnada huo, kuanzia Gongo la Mboto hadi Pugu Kajiungeni na kuendelea kuelekea Chanika, umekua uchumi mwingine usiopiga kelele. Ni uchumi wa kaya zinazofuga kuku wa nyama na wa mayai, zenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa na matuta ya mchicha uani.

Uchumi huo umehama kutoka kwenye daftari la karatasi. Oda za kuku hupokelewa kwa WhatsApp, malipo huingia kwa simu ya kiganjani, hesabu ya chakula na dawa imo kwenye kompyuta iliyonunuliwa Kariakoo ikiwa imeshatumika, na kamera hukesha ikitazama banda. Katika nyumba yenye intaneti ya kudumu, vyote hivyo hupita kwenye kisanduku kimoja kidogo kilichowekwa juu ya kabati la televisheni. Kisanduku hicho huitwa ruta.

Swali la kujiuliza ni hili: mfugaji aliyetumia fedha nyingi kuweka kufuli, uzio na mbwa bandani, ameweka nini kwenye mlango huo mwingine ambao fedha zenyewe hupitia?

Mtaji ndio unaokuwa hatarini

Chukulia mfugaji mwenye kuku wa nyama 500 anaowauza wote kwa wiki moja. Kwa bei ya mfano ya Sh7,000 kwa kuku mmoja, mauzo yake ni Sh3.5 milioni. Fedha hiyo si faida. Sehemu kubwa inadaiwa na duka la chakula, nyingine inasubiri vifaranga wa duru inayofuata, nyingine ni ya pumba za mpunga, mkaa na posho ya kijana wa bandani. Kinachobaki kuwa cha mfugaji mwenyewe ni kidogo.

Fedha hiyo ikichotwa siku ya mauzo, hasara haiishii kwenye faida ya duru moja. Mzunguko wote hukatika. Banda hubaki tupu, mteja wa hoteli huhamia kwa mfugaji mwingine, na deni la chakula huendelea kusubiri. Tajiri akiibiwa kiasi hicho huhesabu ni hasara ya mwezi, lakini kwa mfugaji mdogo ni mwisho wa biashara.

Hatari hii imekua pamoja na manufaa. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008 na huduma nyingine zikafuata. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Kufikia mwisho wa mwaka 2023, kwa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), akaunti za fedha za simu zilikuwa zimepita milioni 50. Palipo na fedha nyingi kiasi hicho, wezi nao huhamia huko.

Somo ambalo mfugaji analijua tayari

Wataalamu wa usalama wa mitandao husisitiza ulinzi wa tabaka kwa tabaka. Maana yake ni kwamba hakuna kinga moja inayotosha, bali kinga kadhaa hupangwa moja nyuma ya nyingine ili inayopenya ya kwanza ikutane na ya pili. Kwa mfugaji wa kuku hilo si jambo geni.

Kuukabili mdondo, mfugaji makini hategemei chanjo peke yake. Huweka uzio, huweka dawa ya kukanyaga mlangoni, huwa na viatu vya bandani visivyotoka nje, huwatenga kuku wageni kabla ya kuwachanganya, na huandika tarehe za chanjo. Anajua kwamba chanjo inaweza kuharibika kwa joto, mgeni anaweza kuruka dawa ya mlangoni, na ndege wa porini hawajui uzio. Kila kinga ina tundu lake. Zikipangwa pamoja, tundu la moja huzibwa na nyingine.

Mtandao wa nyumbani unahitaji mpango wa aina hiyo hiyo.

Tabaka la kwanza: daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ya kwanza ni kuorodhesha kila kitu kinachounganishwa na ruta: simu za wazazi, simu za watoto, kompyuta, televisheni, kamera, kisimbuzi, hata simu ya kijana wa bandani. Ruta nyingi zina ukurasa unaoonyesha vifaa vilivyounganishwa kwa wakati huo. Kifaa kisichokuwamo kwenye daftari ni mgeni ambaye hakubisha hodi, na kinapaswa kuondolewa.

Orodha hiyo huibua mambo. Si ajabu kukuta jirani aliyepewa neno la siri siku ya msiba bado anatumia mtandao huo, au fundi aliyefunga kamera bado ana uwezo wa kuzitazama akiwa mbali.

Tabaka la pili: mlango wenyewe

Ruta ina maneno mawili ya siri, na wengi hulijua moja tu. La kwanza ni la kuingia kwenye waifai. La pili ni la kuingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, na mara nyingi ni lile lililotoka kiwandani, pengine “admin” tu. Anayelijua la pili anaweza kubadili kila kitu, ikiwamo njia ambayo simu ya mwenye nyumba hupitia inapotafuta tovuti ya benki.

Madhara ya uzembe huo yalionekana duniani mwaka 2016. Programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikijaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 kwenye kamera, ruta na vifaa vingine vya nyumbani. Haikuhitaji ujanja wa ziada. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, jeshi la vifaa lililokusanywa kwa njia hiyo lilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watumiaji wengi kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo walikuwa watu wa kawaida tu, wasiojua kwamba vifaa vyao vilikuwa vikitumika kuwashambulia wengine.

Hapa pana somo la kiuchumi. Mfugaji asiyechanja huhatarisha mtaa mzima, ingawa gharama ya uzembe wake haimwangukii yeye peke yake. Kamera isiyolindwa ni hivyo hivyo.

Kinachotakiwa ni kubadili maneno yote mawili, kuchagua ulinzi wa WPA2 au WPA3 badala ya ule wa zamani wa WEP uliovunjwa tangu mwaka 2001, kuzima kitufe cha kuunganisha kwa haraka kinachoitwa WPS, na kuzima ruhusa ya kuiendesha ruta kutoka nje ya nyumba. Neno la siri zuri si lazima liwe gumu. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yakiandikwa kwa mfululizo, ni magumu kukisia kuliko jina la mtoto likifuatiwa na mwaka wa kuzaliwa. Ruta pia huhitaji masahihisho mapya ya programu yake, na iliyokwisha kuachwa na mtengenezaji inafaa kubadilishwa.

Tabaka la tatu: kutenga

Kuku mgeni hachanganywi siku anayofika. Ruta nyingi za sasa zina uwezo wa kutoa mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, wenye jina na neno lake la siri. Huko ndiko zinakofaa kuwekwa simu za wageni, televisheni na kamera za bei nafuu. Kompyuta yenye hesabu na simu yenye fedha hubaki kwenye mtandao wa familia. Kamera ikivamiwa, mvamizi hujikuta kwenye chumba cha wageni, si chumbani kwa mwenye nyumba.

Pale ambapo ruta haina uwezo huo, njia ya kati ni kuizuia kamera isifunguliwe moja kwa moja kutoka intaneti na kuhifadhi picha kwenye kadi iliyomo ndani yake.

Tabaka la nne: kifaa na akaunti

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha masahihisho ya kawaida ya bure ya Windows 10. Kompyuta zenye programu hiyo zinaendelea kuwaka na kufanya kazi, lakini tundu jipya likigunduliwa haliwezi kuzibwa kwa njia ya kawaida. Mnunuzi wa kompyuta iliyotumika aulize inatumia programu ipi na kama itapokea masahihisho, kama anavyouliza umri wa ng'ombe kabla ya kutoa fedha. Programu za wizi zinazonakiliwa kutoka diski ya rafiki nazo ziepukwe, kwani virusi hupenda kusafiri humo.

Kwa upande wa akaunti, kanuni ni moja: neno la siri la barua pepe lisifanane na la kitu kingine chochote, kwa sababu barua pepe ndiyo ufunguo wa kupata funguo nyingine. WhatsApp ina uthibitisho wa hatua mbili wenye tarakimu sita unaowashwa kwenye mipangilio, na hauna gharama. Namba ya siri ya fedha za simu isiwe mwaka wa kuzaliwa, na isijulikane na mtoto anayetumwa dukani.

Laini ya simu yenyewe ni kitambulisho. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019, na kuanzia Januari 20, 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kwa kupiga *106# mwananchi anaweza kujua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa. Akikuta asiyoijua, asisubiri.

Tabaka la tano: kichujio na nakala

Kila tovuti inapofunguliwa, kifaa huuliza kwanza jina hilo liko wapi kwenye intaneti. Zipo huduma za bure zinazojibu swali hilo na wakati huo huo kukataa majina yanayojulikana kuwa ya utapeli. Quad9, iliyoanza mwaka 2017, ni mojawapo. Ikiwekwa kwenye ruta mara moja, vifaa vyote vya nyumba vinavyofuata mipangilio ya ruta hufaidika, ikiwamo simu ya bibi.

Wapo wanaopendekeza VPN, yaani njia ya faragha inayoficha safari ya taarifa. Inasaidia hasa anapotumiwa mtandao wa hotelini au wa kituo cha basi. Hata hivyo, Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kuwasilisha taarifa zao kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Anayeihitaji kwa kazi zake afuate utaratibu huo, na ajue kwamba VPN haizuii utapeli wala haiondoi virusi.

Nakala ni tabaka linalosahaulika. Kumbukumbu za miaka mitatu za vifo vya kuku, bei za chakula na madeni ya wateja ni mali, kwani ndizo zinazomshawishi ofisa mikopo. Kanuni inayokubalika ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba. Nakala kwenye diski ndogo iliyotunzwa kwa shangazi Ukonga hainaswi na virusi, wala haiungui nyumba ikiungua.

Tabaka la mwisho ni watu

Matabaka yote hayo hayamzuii mtu aliyetuma fedha kwa hiari yake. Ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” hauvunji ruta wala kubahatisha neno la siri. Unavizia siku ambayo mfugaji kweli anadaiwa, na anadhani aliyeandika ni mwenye duka la chakula.

Dawa yake ni kanuni ya nyumbani isiyokuwa na msamaha: hakuna malipo kwa namba mpya kabla ya kumpigia mhusika kwa namba ya zamani na kuisikia sauti yake. Kanuni hiyo iwahusu baba, mama, mtoto na kijana wa bandani. Namba ya tapeli itumwe kwenda 15040, namba maalumu ya kuripoti utapeli wa simu.

Faragha nayo ni kazi ya watu. Picha ya banda lililojaa inayowekwa kwenye WhatsApp siku moja kabla ya mauzo humweleza kila mwenye namba ya mfugaji kwamba kesho kutakuwa na fedha. Kamera inayoelekezwa mahali anapolala mfanyakazi si ulinzi wa mali tena. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake, na haki hiyo haimwishii mtu anapoajiriwa.

Sheria inafika wapi

Serikali haijakaa kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015, na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu mwingine bila ruhusa ni kosa la jinai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Kenya na Uganda zilikwisha kutunga sheria za aina hiyo mwaka 2019.

Sheria hiyo ya 2022 inagusa mahali ambapo kufuli za nyumbani hazifiki. Mwananchi anaweza kuilinda ruta yake vizuri, kisha akatuma picha ya kitambulisho chake kwenye duka la kutoa nakala ili kichapwe. Picha hiyo hubaki kwenye kompyuta ya duka pamoja na za wateja wengine. Anayekusanya taarifa za watu anapaswa kujisajili, kuzitumia kwa kusudi alilozikusanyia na kuzilinda. Mteja naye ana wajibu mdogo lakini muhimu: asimame pale pale mpaka faili lake lifutwe.

Pengo linalobaki liko sokoni. Uingereza, kwa sheria iliyoanza kutumika Aprili 29, 2024, ilipiga marufuku kuuza vifaa vya nyumbani vya intaneti vyenye maneno ya siri ya kiwandani yanayofanana au kukisika kirahisi. Jimbo la California nchini Marekani lilianza na sharti la namna hiyo Januari 1, 2020. TCRA tayari ina kazi ya kuidhinisha vifaa vya mawasiliano vinavyoingia nchini. Kuongeza sharti kama hilo, pamoja na maelekezo ya Kiswahili ndani ya boksi, kungemgharimu mwagizaji kidogo na kumwokoa mnunuzi hasara kubwa. Ni rahisi zaidi kuwabana waagizaji wachache bandarini kuliko kuwafundisha mamilioni ya wanunuzi mmoja mmoja.

Shilingi ya kwanza iende wapi

Kwa kaya yenye kipato kidogo, matabaka yote hayawezi kuwekwa kwa siku moja, na wala si lazima. Kiuchumi, kinachoanza ni kile chenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Daftari la vifaa, kubadili maneno mawili ya siri ya ruta, kuwasha hatua mbili za WhatsApp, kupiga *106# na kuweka kanuni ya kupiga simu kabla ya kulipa havihitaji kununua chochote. Vinahitaji Jumamosi moja mchana. Hapo hatari kubwa zinakuwa zimeguswa.

Baada ya mauzo ya duru inayofuata, ndipo ije diski ya nakala. Ruta mpya yenye mtandao wa wageni ifuate pale ya sasa inapochakaa. Anayeanza na kifaa cha gharama huku neno la siri likiwa bado “admin” ni sawa na aliyejenga ukuta wa matofali akaacha geti wazi.

Vyama vya akiba na mikopo na maofisa ugani nao wana nafasi. Mafunzo ya ufugaji yanayoeleza dawa ya mlangoni na tarehe za chanjo yanaweza kuongezewa nusu saa ya ruta na simu, kwa sababu fedha ya kuku sasa inapita huko. Mafundi wanaofunga kamera nao waondoke baada ya mwenye nyumba kubadili maneno ya siri mbele yao, na wasibaki na funguo.

Mnadani Pugu, mnunuzi hamwachi ng'ombe aliyemlipia bila kamba wala alama, hata kama mchungaji ni mwaminifu. Si kwamba anamshuku kila mtu, bali anajua thamani ya alichonunua. Fedha iliyomo kwenye simu na kumbukumbu zilizomo kwenye kompyuta ya sebuleni ndizo zitakazonunua ng'ombe wa kesho. Nazo zinahitaji kamba.